Muhali na mkoba: mwongozo kamili wa kuongoza shirika dogo lisilo la faida

Shirika ninalolizungumzia unalijua. Ofisi yake ni chumba kimoja, labda Ngamiani juu ya duka la vipuri vya baiskeli, labda Makorora uani kwa mtu. Bango la bati limepauka kwa jua. Wanaolipwa ni wawili, wanaojitolea watatu, na bodi ina watu saba ambao wanne hawajaonekana tangu siku ya uzinduzi, siku ile ya pilau. Kazi yake ni nzuri: inafundisha watoto wasioona, au inapanda mikoko, au inawasimamia kina mama wa mwani wasidhulumiwe bei.

Nimekuwa mweka hazina wa shirika la namna hiyo hapa Tanga, nikawa mjumbe wa bodi kwenye jingine, na mara kadhaa nimeitwa "uje utuangalizie vitabu" wakati mambo yamekwisha kuharibika. Katika yote hayo wezi niliokutana nao ni wachache sana. Kinachoyamaliza mashirika yetu ni muhali, ile haya ya kumuuliza au kumkatalia mtu wako. Utamdaije risiti mtu aliyemwosha mama yako alipofariki? Utamwambiaje mzee aliyekuozesha kwamba muhula wake umekwisha? Basi watu hunyamaza, na ukimya ukikaa miaka mitano unageuka kuwa ugomvi wa kufikishana kwa mkuu wa wilaya.

Hatua zote zilizomo humu zina lengo moja: swali gumu liulizwe na utaratibu, ili asiwepo mtu wa kubeba lawama ya kuuliza. Msijaribu kuzifanya zote mwezi mmoja. Mkiweza hatua mbili kwa robo mwaka mmekwenda vizuri.

Hatua ya 1: Jueni mmesajiliwa wapi

Inachekesha, lakini nimekaa na bodi nzima isiyojua. Wengine wanasema "tuko RITA", wengine "tuko wizarani", na cheti kiko kwenye fremu nyumbani kwa mwenyekiti.

Shirika lisilo la kiserikali linasajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, kwa Msajili aliye chini ya wizara ya maendeleo ya jamii, na ngazi zake ni wilaya, mkoa, taifa na kimataifa. Jumuiya, zikiwemo nyingi za dini, ziko chini ya Sheria ya Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi za wadhamini ziko RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Vilabu vya michezo vina msajili wao chini ya Sheria ya Baraza la Michezo ya 1967. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaguswa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na vikundi vya kijamii vinaandikishwa halmashauri.

Marekebisho ya 2019 yalibadilisha mambo mawili ambayo wengi hawana habari nayo. Kwanza, cheti cha shirika lisilo la kiserikali sasa kina ukomo wa miaka 10, kisha huhuishwa. Pili, kampuni zisizo na hisa zilizokuwa zikifanya kazi za mashirika haya zilitakiwa kuhamia kwa Msajili wa mashirika. Kama waanzilishi wenu walipita BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, zamani na hakuna aliyefuatilia tena, anzeni hapo.

Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya na nakala ya cheti mkononi, muulize mambo matatu: hadhi yetu ikoje, ada ya mwaka tumelipa mpaka lini, taarifa ya mwisho iliyopokelewa ni ya mwaka gani. Majibu yaandikwe. Karatasi hiyo ndiyo ajenda ya kwanza ya kikao kijacho.

Hatua ya 2: Mwageni mkoba mezani

Kila shirika dogo lina mkoba. Wa kwetu ulikuwa wa ngozi nyeusi, zipu imekufa, umefungwa kwa pini. Ndani yake mlikuwa na mhuri, kidau cha wino, kitabu cha hundi, cheti cha usajili kilichokunjwa mara nne, katiba, laini ya simu ya M-Pesa ya shirika, na kikaratasi chenye nywila ya barua pepe. Mwenye mkoba, ambaye ndiye mwanzilishi, alilala nao chumbani kwa uaminifu kabisa.

Akafiwa na kaka yake Pemba. Alikwenda kwa siku tatu akakaa arobaini nzima, kama ilivyo haki yake. Sisi huku walimu hawakulipwa, mfadhili aliandika barua pepe tatu bila jibu, na ofisi ya kata ilipotaka barua yenye mhuri kwa ajili ya semina, tukaahirisha semina. Hakuna aliyekosea chochote. Shirika lilikuwa limeingia ndani ya mkoba, na mkoba umepanda boti.

Fanyeni hivi. Kaeni watu wanne mchana mmoja, mwenye mkoba akiwemo na akiwa mstari wa mbele, asihisi anapekuliwa. Chukueni daftari, chora safu tatu: kitu, anayekishika, anayekishika wa pili. Andikeni kila kitu ambacho kikipotea kesho kazi inasimama: mhuri, hati, funguo, nywila, laini za simu, namba ya mlipakodi, mikataba ya pango, kadi ya pikipiki. Pale safu ya tatu inapokuwa tupu ndipo penye hatari.

Kisha jazeni. Hati zipigwe picha zote na nakala mbili za karatasi ziwekwe nyumba mbili tofauti. Mhuri ukae ofisini kwenye kabati lenye kufuli, na daftari dogo la kuonyesha umegongwa kwenye barua gani. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu ni mali yake kisheria hata mkisema vipi, kwa hiyo fungueni namba ya shirika kwa jina la shirika. Barua pepe iwe na mtu wa pili anayeijua nywila, na ibadilishwe siku ileile mmoja wao akiondoka.

Hatua ya 3: Bodi iwe ya watu wanaokuja

Majina makubwa hupendwa: mheshimiwa fulani, shehe fulani, daktari fulani. Barua zinapendeza. Lakini mheshimiwa hana muda, na kikao kinaahirishwa mara nne kumsubiri. Wenye majina wawekeni kuwa walezi, wapewe heshima yao na kadi za mwaliko. Bodini wekeni wanaokuja.

Idadi ya witiri husaidia kura zisigande. Watano hadi saba wanatosha. Tafuteni mmoja anayejua hesabu, mmoja anayejua kusoma mkataba, na angalau wawili kutoka kwa hao mnaowahudumia. Nasisitiza hili la mwisho. Shirika la kina mama wa mwani lisilo na mama wa mwani bodini litanunua vifaa vya kukaushia wakati wao wanalia na kamba za kufungia mwani.

Undugu ndio mtihani. Tanga mji mdogo, ukitafuta sana kila mtu ni shemeji wa mtu. Kwa hiyo sisemi msichague ndugu, nasema katiba yenu itaje mipaka: mkurugenzi na mweka hazina wasiwe wa nyumba moja, watia saini wa benki wasiwe mke na mume au mzazi na mwana, na walipwao na shirika wasiwe wengi bodini. Bodi ndiyo inayomuajiri mkurugenzi na ndiyo inayoweza kumwachisha. Ikiwa mkurugenzi ndiye huyohuyo mwenyekiti, mnachofanya kila robo mwaka ni mtu mmoja kujiandikia ripoti na kuipokea kwa makofi.

Andikeni muhula: miaka mitatu, kurudia mara moja. Msiwatoe wote mwaka mmoja, maana mtapoteza kumbukumbu. Kwa kuanzia pigeni kura ya vikaratasi: nusu wapate mwaka mmoja na nusu, nusu wapate mitatu. Kikaratasi hakina muhali na mtu.

Hatua ya 4: Kikao na muhtasari wake

Chagueni saa ambayo watu wanapatikana kweli. Kwetu ilikuwa Jumamosi baada ya Alasiri, saa kumi na nusu, kwa dakika tisini. Ramadhani hatukuweka kikao, tukakisogeza Shaabani. Ajenda ipelekwe siku saba kabla, ikiwa na ripoti za kusoma.

Akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kuamua, ihesabiwe na iandikwe mwanzo. Isipotimia, zungumzeni, kunyweni kahawa, lakini msiamue kitu. Uamuzi uliofanywa na watatu kati ya saba ndio utakaonukuliwa siku ya ugomvi. Na kundi la Wasapu si kikao. Kidole gumba cha njano hakiwezi kupitisha bajeti. Kama jambo ni la dharura na katiba inaruhusu uamuzi wa maandishi, kila mjumbe aandike jina, tarehe na neno "nakubali" au "sikubali", kisha lithibitishwe kikaoni.

Sasa muhtasari. Hapa ndipo kwenye ugonjwa. Tazama mstari huu, nimeunakili kutoka daftari letu la zamani bila kubadili neno:

"Wajumbe walijadili suala la pikipiki kwa kina na kukubaliana lifanyiwe kazi."

Nani alifanye kazi? Kazi gani? Lini? Pikipiki hiyo ilikaa uani mvua mbili, ikaliwa na kutu, na kila mjumbe ana hakika alikuwa anamsubiri mwenzake. Mstari ungekuwa hivi:

"Bodi imeamua pikipiki iuzwe kwa zabuni za bahasha, bei isipungue shilingi 900,000. Msimamizi: mweka hazina. Mwisho: tarehe 30 mwezi ujao. Waliokubali 5, aliyekataa 1, naye ameomba iandikwe kwamba angependa itengenezwe."

Aliyekataa ana haki ya kuandikwa, na siku ya mambo kuharibika maandishi hayo humlinda. Muhtasari uandikwe ndani ya siku tatu, usambazwe, usahihishwe na kutiwa saini kikao kinachofuata kabla ya yatokanayo. Katibu asiwe yuleyule kila siku. Mkizunguka, kila mjumbe atajua uzito wa kuandika na atapunguza maneno.

Nauli ya wajumbe amueni mapema, kiasi kimoja kwa wote au hakuna kabisa. Ugomvi mkubwa kuliko wote niliosuluhisha ulianza kwa shilingi elfu tano.

Hatua ya 5: Hela

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wote tunaijua methali hiyo, na wengi tunalo daftari. Tatizo liko kwenye saini.

Mwaka mmoja nilikuwa nakwenda Lushoto wiki mbili kumuuguza shangazi. Mkurugenzi wetu, mama wa heshima, akanifuata stendi na kitabu cha hundi. "Mwanangu, nitilie saini hizi tano, mambo yasikwame." Basi lilikuwa linawashwa. Nikaziweka juu ya goti, nikatia zote tano, tupu. Nne zilitumika sawasawa. Ya tano ilimlipa fundi wa ukuta nyumbani kwake, akikusudia kurudisha mwisho wa mwezi, na alirudisha nusu. Mkaguzi wa mfadhili alipofunua kurasa, saini iliyomtazama ilikuwa yangu. Siku hiyo nilijifunza kwamba watia saini wawili wasiosoma ni sawa na mtia saini mmoja.

Kwa hiyo: watia saini wawe watatu au wanne ili wawili wapatikane daima, na hundi tupu isitiwe saini hata kwa dua. Kila malipo yawe na hati ya malipo, yenye mwombaji, mwidhinishaji na mlipaji ambao ni watu tofauti. Mkiwa wachache, basi angalau anayeidhinisha asiwe anayepokea.

Masurufu, yaani fedha mtu anazotangulizwa kwa safari au kazi, yana kanuni moja tu ya chuma: hupewi mapya kabla ya kurejesha ya zamani. Mtu akichukua 350,000 kwenda semina Pangani, ndani ya siku saba alete risiti na chenji. Duka lidaiwe risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi. Mwenye ngarawa na mama wa mihogo hawana, hivyo tengenezeni fomu ya kukiri malipo: jina, namba ya simu, kiasi, kazi, saini au dole gumba. Risiti za kughushi nyingi nilizoziona zilitoka kwa watu walioambiwa "bila risiti hatukurudishii" huku wamelipa kwa haki mahali pasipo na risiti.

Makato ya miamala ya simu nayo yaandikwe, kila senti. Ukiyaacha, mwisho wa mwaka salio halitakubaliana na utashindwa kueleza.

Kila mwezi, mtu asiyeandika daftari alinganishe daftari na taarifa ya benki. Kisha itengenezwe nusu ukurasa, mistari sita: salio la kuanzia, zilizoingia, zilizotoka, salio la mwisho, madeni, masurufu yasiyorejeshwa pamoja na majina. Nusu ukurasa huo usomwe kwa sauti mwanzo wa kila kikao, na asomaye awe mjumbe yeyote kwa zamu.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, zamu ilimwangukia binti mdogo kuliko wote bodini. Alisoma mistari mitano vizuri. Wa sita ukasema: "Masurufu yasiyorejeshwa: mwenyekiti, shilingi 180,000." Feni ikasikika. Mzee akavua miwani, akaifuta, akasema, "Ni kweli, risiti ziko nyumbani." Jumatatu zililetwa. Binti hakumuuliza mzee kitu, alisoma karatasi tu.

Yapo pia madeni yasiyoonekana. Ukimlipa mwenye nyumba pango, kuna kodi ya zuio ya 10%, unayoikata kwenye malipo yake na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Ukimlipa mtaalamu mkazi kwa huduma, zuio ni 5%. Ukiajiri, kuna kodi ya mishahara, na kuna michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo peke yake jumla ni 20% ya mshahara. Kutokuwa shirika la faida hakufuti hayo. Bodi iulize kila robo mwaka, "Yamelipwa?" na ionyeshwe stakabadhi. Na mkipata ufadhili unaozidi shilingi milioni 20, kanuni za 2018 zinataka fedha hizo zitangazwe na mkataba ufike Hazina na kwa Msajili. Siku za kufanya hivyo ni chache, hivyo someni kanuni kabla ya kusaini.

Hatua ya 6: Daftari la maslahi

Fupi hii. Mwanzo wa mwaka kila mjumbe ajaze ukurasa: biashara zake, waajiri wake, ndugu zake wanaoweza kuuzia shirika kitu. Kikao kikigusa jambo lake, alitaje mwenyewe, atoke nje ya chumba, na muhtasari uandike saa aliyotoka na aliyorudi. Turubali za shemeji yake mwenyekiti zinaweza kuwa ndizo rahisi kuliko zote mjini. Basi zishinde kwenye bei tatu zilizolinganishwa, mwenyekiti akiwa barazani.

Hatua ya 7: Mwanzilishi aondoke akiwa hai

Watu husema manahodha wengi chombo huenda mrama, na mwanzilishi hupenda kuinukuu. Lakini chombo chenye nahodha mmoja asiyelala nacho hupanda mwamba, tena usiku.

Nimewasikia vijana wakisema waanzilishi wana uroho wa madaraka. Mara nyingi sivyo. Mama aliyeanzisha kituo kwa pesa ya vitumbua, akakiendesha miaka kumi na tano bila mchango wa pensheni hata mmoja, akitoka leo atakula nini? Anang'ang'ania kiti kwa sababu kiti ndicho chakula. Bodi inayotaka kubadilisha uongozi bila kuzungumzia hilo inafanya ukatili, na itashindwa. Kwa hiyo anzeni mapema: mwandikisheni NSSF, mwekeeni akiba ya kiinua mgongo iliyopitishwa na bodi na kuandikwa kwenye bajeti, na mjadiliane naye tarehe, kwa kauli njema, kwake nyumbani, wajumbe wawili anaowaamini.

Kisha jaribuni. Mpeni likizo ya siku 30, ya kweli, simu ya ofisi ikiwa kwa mwingine. Kila kilichokwama katika siku hizo kiandikwe, kwani ndiyo orodha ya mafunzo ya anayefuata. Rudieni baada ya miezi sita. Mara ya kwanza kwetu vilikwama vitu kumi na moja, mara ya pili vitatu.

Akishaondoka, apewe cheo cha heshima kisicho na saini ya benki wala ufunguo. Na kiongozi mpya asilazimishwe kuripoti kwake. Nimeona mkurugenzi kijana akipita kwa mwanzilishi kila asubuhi "kuchukua baraka" kabla ya kufungua ofisi. Alidumu miezi minne.

Hatua ya 8: Ugomvi ukishaingia

Dalili ya kwanza ni mihuri miwili. Ya pili ni benki kupokea barua mbili zinazopingana kuhusu watia saini, nayo hufunga akaunti mpaka muelewane, na haki iko upande wake. Kabla hamjafika huko, katiba itaje ngazi: wasuluhishi wawili nje ya bodi ndani ya siku 14, kisha mkutano mkuu wa dharura wa wanachama, kisha Msajili. Baraza la Taifa la Mashirika, NaCoNGO, nalo lina wawakilishi mikoani mnaoweza kuwaendea. Daftari la wanachama liwe limesahihishwa kabla ya ugomvi, maana baada yake kila upande utaleta orodha yake. Na wakati wote huo mishahara na huduma ziendelee, kwa uamuzi mmoja wa maandishi unaoruhusu malipo hayo tu.

Hatua ya 9: Kifungu ambacho hakuna anayetaka kukiandika

Katiba nyingi zina mstari mmoja kuhusu kufungwa kwa shirika, ulionakiliwa kwa jirani. Usomeni. Mali ya shirika lisilo la faida haigawanywi kwa wanachama. Inapaswa kwenda kwa shirika jingine lenye malengo yanayofanana, na mnaweza kulitaja sasa wakati mnapendana. Tengenezeni daftari la mali: kila kiti, kompyuta na jokofu lipewe namba, iandikwe kwa rangi chini yake, na mara moja kwa mwaka wajumbe wawili wapite wakihesabu. Kwetu viti vilikuwa arobaini kwenye daftari na thelathini na moja sakafuni. Sita vilikuwa vimeazimwa kwenye harusi barabara ya pili, vikarudi. Vitatu vingine vinajulikana vilipo, na suala lake liko kwenye ajenda ya Jumamosi, namba nne, jina la msimamizi limeandikwa.